Nusu kwa Nkambo

Kinini, dawa ya malaria, kilikuwa kinakwisha Likasi. Barabara ya Elisabethville ilikuwa imefungwa na vita, na katika zahanati ya Firmin kilibaki kichupa kimoja, tena hakijajaa.

Casimir alifika kwa baiskeli kutoka Kapolowe, vumbi hadi kwenye kope.

"Papa docteur, saidia. Nkambo anawaka moto, hii siku ya tatu. Bila dawa tutamupoteza."

Firmin hakuwa daktari, alikuwa muuguzi, lakini cheo hicho hakukikataa.

"Mbona hamukumuleta?"

"Barrière ya basoda wa vita iko tatu mu njia. Wanafungua hata kikapo ya majani ya sombe. Nitapita namna gani na mugonjwa?"

Hilo lilikuwa kweli.

"Mama, shuka, toka juu ya meza," Firmin alimwambia binti yake Albertine, mwenye miaka minne na jina la marehemu mama mzazi wa Firmin. Kisha akamgeukia mgeni. Miaka ya mgonjwa hakuuliza. Huku ukisema Nkambo umesema babu, na wazee wa vijijini hawajui walizaliwa lini. Kuwauliza ni kupoteza muda. Yeye alimpima mgonjwa kwa dalili.

"Anakula?"

"Uji tu. Meno iko nayo ine."

"Anatembea?"

"Akishika ukuta. Akiachilia, chini."

"Na mukojo?"

"Palepale anapolala." Casimir alicheka kidogo, ingawa macho yalikuwa mekundu. "Muzee wetu haogopi muntu."

"Nani anamuchunga?"

"Mélanie. Hamuachi hata kidogo. Analia tu: 'Bwana yangu, usiniache.'"

Firmin aliguswa. Wanawake wa kulia hivyo, baada ya kuishi na mtu miaka yote hiyo, hawapatikani kila nyumba.

Muuguzi mwingine angemtia mtu vidonge mkononi na kumwambia safari njema. Firmin hakuwa wa hivyo. Wiki ileile alikuwa amewagombeza akina mama foleni nzima: dawa si bukari, kila mtu amege tonge anavyotaka. Mwenye mimba ana kipimo chake, mtoto ana chake, na mzee naye ana chake, kwa sababu figo zimechoka na moyo unatafuta pa kupumzikia.

Akafunga vidonge sita katika karatasi.

"Sikiliza. Wakubwa wengine wanakunywa mbili mbili. Muzee wenu, nusu ya ile: moja asubui, moja midi, moja mangaribi. Musizidishe!"

"Nusu. Nilijua tu utasema nusu." Casimir akatia karatasi mfukoni. "Lakini anatema dawa, papa. Anapiga makelele."

"Bote ni hivyo, bichwa nguvu. Musage, muchanganye na uji, mumushike pua."

Casimir alimshika mikono yote miwili, akapanda baiskeli. Siku ile Firmin alikula kwa hamu, kama mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Vita ilipotulia, alipata nafasi kwenye lori la misioni, akashuka Kapolowe. Habari ilikuwa imemfikia kwamba homa ilikwisha siku ya pili, na Nkambo akaisha siku iliyofuata. Basi, mzee ni mzee. Alikuja kumpa mjane pole, na kusema kweli, kidogo pia kushukuriwa.

Mélanie alikuwa mwanamke wa mvi, mgongo umepinda. Alimpeleka makaburini. Kaburi la kwanza lilikuwa refu, la zamani, majani yameshalifunika.

"Huyu ndiye aliyenioa," alisema. Kisha akaonyesha la pembeni, la udongo mpya. "Na huyu ndiye aliyerithi jina."

La pembeni lilikuwa fupi kuliko mkono wa Firmin.

Vidonge sita vya kinini, sanduku moja la sabuni lililofanywa jeneza, na meno manne, yote yameota mwezi uleule.