Mtu wa Mchele, Lugha Tisa

Siku ya tatu ya kushikiliwa kwake, Muniru alituma ujumbe nyumbani Kasese. Hakuomba blanketi wala chakula. Aliomba daftari jipya, kalamu mbili na lile shati lake jeupe la Idi.

Mkewe Saudah alipousikia ujumbe huo aliketi palepale uani, juu ya gunia la mchele. Mtu anayeomba shati jeupe kizuizini, aliwaza, anajiandaa kufa.

Mambo yalianza Jumanne, siku ya soko, mwaka ule wa 2013. Muniru alikuwa amepakia mchele wa Mubuku kwenye lori lake, akateremka nao Bwera kama kawaida. Kabla hajafungua turubai, askari wawili wa mpakani wakamshusha. Walisema kuna barua, haina jina. Inasema huyu bwana ana lugha tisa kichwani, na mtu wa mchele lugha tisa ni za nini kama si ujasusi?

Habari ya lugha ilikuwa kweli. Saudah asingeikana hata kwa kiapo. Mumewe alikuwa mgonjwa wa lugha. Alinunua dawa ya minyoo ambayo hakuna aliyeihitaji, kwa sababu karatasi ya maelezo ilikuwa imeandikwa kwa lugha saba. Aliigeuza simu yake kuwa ya Kituruki, akashindwa kuirudisha, na kwa wiki mbili kila aliyempigia alikatiwa. Alikwenda mazishini Rukoki kwa mtu asiyemjua, eti amesikia mkwe wa marehemu ni Mholanzi. Akasimama naye kando ya kaburi na kumnong'oneza, "Hili shimo kwenu mnaliitaje?" Mholanzi akajibu huku analia. Muniru akaandika.

Lakini mgonjwa si jasusi. Na Jumapili hiyo wageni walikuwa waje kutoka Kitswamba kumposa binti yao, Nasifah. Nani angeposa kwenye nyumba ya jasusi?

Ijumaa asubuhi Saudah akafunga shati, daftari na kalamu kwenye kitambaa, akapanda gari la Bwera kumsaka adui. Akilini alikuwa na jina moja tu: Ashiraf. Alikuwa na lori kama la Muniru, njia ile ile, wateja wale wale. Ndiye pia aliyechaguliwa kuwa msemaji wa familia siku ya posa. Ijumaa nayo ni siku ya soko Bwera; alimkuta sokoni akishusha mahindi, watu wamejaa.

"Ashiraf! Umeuza mwenzako kwa karatasi!"

"Mama Nasifah, wallahi si mimi."

"Lori yake ikitoka barabarani nani anabeba mizigo? Si wewe?"

Ashiraf akapangusa vumbi mikononi polepole, uso umemshuka.

"Nimekula kwenu miaka kumi," alisema. "Basi Jumapili mutafute mutu mwingine wa kuwasemea."

Akapanda lori lake, akaondoka na nusu ya mahindi ikiwa bado juu. Kahambu, muuza vitenge kutoka Butembo, akamshika Saudah mkono.

"Mama, umemuonea. Bwana yako anakujaka hapa kila soko kuniuliza Kifaransa. Hakuna mutu anamuchukia."

Saudah hakumsikiliza. Machozi yalimtoka njia nzima hadi kituoni, alikoshikiliwa mumewe.

Afande Mugenyi alikuwa mezani, vifungo vya shati vimefunguka, macho mekundu kama ndiye aliyekuwa ndani siku zote hizo.

"Kaa chini, mama. Hii mutu yako imetumaliza!"

"Mumemupiga, afande?"

"Nani amupige? Jumatano nimemuletea Mchina wa barabara amuhoji. Wameongea masaa ine, Mchina anatoka anacheka, anauliza atarudi lini. Jana nimetoa sista Mjerumani huko misioni. Sista amemuletea keki! Leo asubuhi Musudani wa ng'ombe. Huyo bado iko ndani. Wote wanasema hana kosa, ni maswali tu haiishi. Na lori tumefungua mpaka tairi. Ni mchele."

"Basi mumuachilie, afande. Jumapili tuko na wageni. Nimegombana na watu kwa sababu yake, sina hata wa kutusemea."

Afande akasugua macho kwa viganja vyote viwili.

"Leo namufungua. Lakini mimi nataka huyu mwenye aliandika. Siku ine natafuta wakalimani kama mutu natafuta mbuzi! Soma, mama. Angalia kama unajua adui yenu."

Akamsukumia barua. Ilikuwa karatasi moja, Kiswahili safi cha vitabuni, kila koma mahali pake. Saudah alianza juu akashuka taratibu, mstari kwa mstari, akimtafuta aliyetaka kuivunja nyumba yake. Chini kabisa palikuwa pameandikwa:

"Tafadhali msimhoji kwa mkalimani mmoja, kila lugha itafutiwe mwenyewe. Kirusi kiwe cha mwisho, na Mrusi aombwe kusema polepole, kwa kuwa mshukiwa bado hajafika kwenye somo la wakati uliopita."

Saudah aliisoma tena. Kisha akaikunja mara mbili, akaiweka mezani. Kutoka chumba cha ndani kilisikika kicheko cha Msudani.

"Sema, mama. Unamujua?"

"Namujua, afande," Saudah akasema, akijifunga leso kiunoni. "Iko humu ndani kwenu. Musimutoe. Na asiletewe tena mutu wa kuongea naye."