Jina Ubavuni

Jana ndege ilitua kwenye mvua, ikapitiliza uwanja, ikavunja uzio na kulalia tumbo katika shamba la mpunga. Mwantumu alitoka humo akiwa hai. Saumu, mdogo wake, alitolewa maiti. Leo Mwantumu amerudi, mtandio wa Saumu mabegani, akamkuta fundi akipaka rangi nyeupe juu ya jina la kampuni.

"Unafanya nini, kaka?"

"Pole, dada. Ndege ikianguka ndivyo kampuni inavyotaka. Jina lisionekane kwenye picha."

"Watu hatujazika, nyinyi mnaficha jina?"

Meneja wa kampuni alisogea na mwavuli wake. "Dada yangu, tunawaheshimu wafiwa."

"Usiniite dada! Dada yako angekuwa ndani ungepaka? Ndege iliyotutangulia iliona maji uwanjani ikageuza. Sisi mlitushusha kwa nini?"

Meneja akatazama simu yake.

Mwantumu aliuvua mtandio, akaukunja, akaanza kufuta rangi mbichi kwa nguvu zake zote. Herufi ya kwanza ikatokea, nyekundu. Kisha ya pili.

"Mzuie!" meneja alimfokea fundi.

Fundi alitumbukiza brashi ndooni. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akampa Mwantumu.

"Usiuharibu mtandio, dada. Tumia hiki."

"We Kondo, kazi huna!"

Herufi za mwisho zilikuwa juu, mkono wa Mwantumu haukuzifikia. Fundi Kondo akaivuta ngazi kwenye tope, akaiegemeza ubavuni mwa ndege, akaishika isiteleze.