Mbuzi ya Mama Mkwe

Zamda alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni, kifurushi mkononi, mdomo bado umevimba kwa kofi la jana la mumewe, Sefu. Lakini mlangoni mama mkwe wake alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi, na nyumba haikuwa na mlango mwingine.

"Mama, nipishe. Sefu atarudi sasa hivi."

"Huyo? Yuko kwenye bao, hajashindwa bado."

Ubao wa mbuzi ile ulikuwa umebonyea kwa kukaliwa na wanawake watatu, mama kwa mkwe, ila meno yake yalikuwa makali vilevile.

"Mimi pia niliondoka, mwanangu. Nikafika mpaka sokoni, nikajiambia, yaani mbuzi yangu nimewaachia mashetani wa nyumba ile? Nikarudi kuichukua. Nikamkuta Sefu, bado mchanga, analia."

"Ukabaki?"

"Unaniona niko wapi?"

Mama mkwe akainuka kwa shida, akakung'uta machicha, akaikunja mbuzi na kumpachikia Zamda kwapani.

"Haya. Sasa hujasahau kitu."

Zamda akatoka nusura akimbie. Kwenye kona aligeuka. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha njiani, uso ameuelekeza upande atakaotokea Sefu.