Damu ya Mwanaidi

Nje ya ukuta wa hospitali, Zamda alimpiga Mwanaidi jiwe la kichwa, kisha akamkalia kifuani.

"Lete mkono! Si tulikuwa tunapeana?"

Ni kweli. Unga wa heroini ulipokuwa haba, aliyejidunga alivuta damu yake akampa mwenzake ajidunge, naye apate nafuu. Lakini Mwanaidi alikuwa ameacha. Asubuhi hiyo nesi alimchoma tumboni dawa ya kuzuia arosto, yale mateso ya kukosa unga, ile inayokaa mwilini mwezi mzima. Zamda aliposikia mwezi mzima, akadhani damu yote imejaa dawa.

"Haiko hivyo, shoga. Utaugua bure. Twende ndani, nawe wakuchome."

Zamda akamng'ata bega, akamkandamiza mkono kwa goti, akamchoma sindano na kuvuta. Akajidunga. Akafumba macho, akangoja.

Arosto haikuondoka. Aliangukia pembeni akatapika, meno yakagongana. Alipofumbua macho aliona gauni la Mwanaidi limechanika, na chini ya ngozi ya tumbo kuna kivimbe kama punje ya haragwe.

"Kumbe umeificha hapo!" Akaokota kipande cha chupa.

Mwanaidi aliinuka, lakini hakukimbia. Aliudaka ule mkono wenye chupa kwa mikono yake miwili, damu ikimwingia machoni, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea lango la hospitali, akimvuta. Zamda akamfuata akilia, ncha ya chupa ikiwa imegusa kile kivimbe.