Kanga ya Kubebea

Siwema alikuwa akishona gauni la kwanza la duka lake mwenyewe, lakini masikio yalikuwa uani. Huko wifi yake, Mwanahawa, alikuwa amembeba mtoto wa Siwema mgongoni, naye mtoto katulia tuli, kama vile hana haja na mama yake. Wivu ukamkaba. Akaacha cherehani, akatoka.

“Wifi, nipe kanga yangu. Imechafuka.”

Mwanahawa akamfungua mtoto. Siwema akaitosa kanga kwenye beseni la sabuni, akaifikicha kwa hasira. Mtoto akaangua kilio.

“Sasa atalalaje?” Mwanahawa aliuliza. “Kanga zangu zote anazikataa. Anataka hiyo hiyo, yenye harufu yako.”

Siwema akaiopoa ikichuruzika, akaipeleka puani. Ilinukia sabuni tupu.