Sifuri ya Tova Brekke

Kosa. Kosa. Kosa. Kalamu nyekundu ya Mwalimu Haugland ilishuka hadi chini ya ukurasa, kisha ikapanda tena juu, maana mtu akichoka huanza kuyashuku hata macho yake. Maswali thelathini ya Ulaya ya zama za kati, ya kuweka Kweli au Si kweli, na Tova hakupata hata moja.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu mchana, theluji imeziba nusu ya dirisha. Kwa miaka ishirini na tisa Haugland alikuwa akifundisha habari za makabaila na tauni katika mji huo wa Minnesota usiojali kitu ila hoki ya barafu, na leo uchovu ulikuwa umemwingia hadi kwenye mifupa. Kesho ilikuwa fainali. Tova ndiye kipa. Mwanafunzi aliyepata chini ya asilimia sitini hachezi, na orodha ya majina hufungwa ofisini saa kumi kamili.

Kocha alikuwa ameshampigia mwalimu simu mara mbili. Babake Tova hakupiga. Alikuja mwenyewe na koti lake la timu, akalalamika kwamba binti amekuwa mvivu tangu kile kisahani cha mpira cha kuchezea hoki kimgonge kichwani mwezi jana, amepata kisingizio, na akina Brekke hawaumwi vichwa. Sasa alikuwa koridoni, akisubiri.

“Haya, tupitie swali kwa swali,” mwalimu alimwambia Tova, aliyeketi mbele ya meza yake. “Nikiona mahali nimekuonea, nitakurudishia alama. Na hiyo miwani ya jua ya nini, uko ufukweni?”

“Taa zako kali, mwalimu.”

Haugland akazima nusu ya taa. Hakuwa na nguvu za kubishana.

“Ulisoma lakini?”

“Bibi alinisomea. Kila jioni, wiki mbili nzima.”

“Akusomee? Miaka kumi na saba yote hiyo, bado unasomewa!”

Mwalimu akashusha pumzi, akaendelea.

“Swali la nne. Tauni iliingia Ulaya na meli za wafanyabiashara. Umeweka Si kweli.”

“Eeh.”

“La tisa. Mkulima wa kabaila aliweza kulihama shamba wakati wowote apendao. Umeweka Kweli. Hebu niambie, angejiondokea tu hivihivi?”

“Asingeweza,” msichana alisema huku akijikanda kipaji cha uso. “Labda kabaila mwenyewe amfukuze.”

Kalamu ikasimama.

“Kumbe unalijua! Sasa ulichoandika hapa ni nini?”

Tova akainamia viatu vyake. Haugland akaivuta karatasi karibu na kuisoma upya, polepole. Yule Lund, aliyelala usingizi darasani tangu Septemba, alikuwa amepata kumi na nne kwa kubahatisha tu. Hata asiyejua lolote lazima apatie mbili tatu. Huyu amekosa zote vipi?

Halafu akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

“We mtoto, ulitaka kuniua! Umechanganya safu! Kila penye Kweli umeweka Si kweli, na kila penye Si kweli umeweka Kweli. Nikigeuza, una thelathini kwa thelathini. Mimi hapa naumiza kichwa nikutafutie alama kumi na nane, kumbe ninayo mia mkononi!”

Aliona raha kweli. Zilibaki dakika kumi na mbili, ofisi iko mwisho wa korido, na mara hii hakuna mtu wa kumnunia. Akafungua kalamu aandike mia.

Tova akaifunika karatasi kwa kiganja.

“Usigeuze, mwalimu. Nakuomba.”

“Mbona? Si ulisoma?”

“Nilisoma wiki mbili,” alinong’ona, “ili nisije nikapatia hata moja.”

Mlango ukafunguka, na babake akaingiza kichwa. “Vipi, mwalimu? Mtoto anacheza kesho?”

Haugland aliitazama ile miwani ya jua, akakumbuka kile kisahani, akautoa mkono wa Tova taratibu juu ya karatasi, akaandika sifuri kubwa, akaizungushia duara mara mbili.

“Pole sana, Bwana Brekke,” alisema. “Nimejaribu kila njia.”