Mlango wa Zahanati

Mkaguzi alikuja kukipiga picha kibao tu: "Zahanati hii imejengwa kwa kodi yako." Nyuma yake palikuwa na nyasi za kufika kiunoni, na upepo ukipita humo mfano wa mtu avutaye pumzi. Hati ya kuthibitisha jengo aliitia saini mwezi uliopita, akiwa ofisini.

Akatokea bibi, amemshika mkaza mwanawe mwenye uchungu wa kuzaa.

"Mwanangu, mlango uko upande gani? Ushuru wa sokoni nimelipa miaka thelathini. Leo serikali nayo inipokelee mjukuu."

"Bibi, hapa hapana kitu."

"Wewe nawe! Kibao kitasemaje uongo mchana huu?"

Yule mwanamke akapiga magoti, akapiga ukelele.

Mkaguzi akavua koti, akalitandika nyasini, mahali ambapo kwa saini yake palikuwa na kitanda.